Mdomo wa Fundi wa Meno

Mtu wa kwanza niliyemwona akibusu mpira kwa heshima zote alikuwa bibi mmoja mwenye aproni ya bluu, macho kayafumba kama anayepokea komunyo. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake na bakuli la dagaa nililotumwa na mama. Nikacheka mpaka nusu ya dagaa wakamwagika kizingitini. Bibi hakufumbua macho. Alikisogeza kijiti chake chenye ncha ya mpira taratibu kutoka pembe moja ya mdomo wa chini hadi pembe ya pili, akakitoa, ndipo akasema:

"Okota samaki ya mama yako. Hii mpira imeiva."

Huyo ndiye Fundi wa Meno. Ana jina la ubatizo na jina la ukoo, lakini hapa Busia, upande wa Uganda tunakolala na upande wa Kenya ninakosomea, ukitaja jina lake watu watakuuliza, "Nani huyo?" Ukisema Fundi wa Meno, hata askari wa mpakani atakuonyesha njia kwa kidevu. Meno yenyewe, ya bandia, alishaacha kuyatengeneza. Siku hizi anatengeneza vijiti vya kusafishia kamera, vyenye ncha ya mpira laini iliyomiminwa kwenye kalibu. Wapiga picha wanaviita chuchu, maana ndivyo zile ncha zinavyoonekana, ila mbele ya mama yangu wanaviita vijiti.

Kama hujawahi kufungua kamera, nikueleze kama nilivyoelezwa mimi, ingawa mimi nilielezwa nikiwa nimeshikwa sikio. Ukitoa lenzi, ndani kabisa kuna kioo kidogo kinachoitwa sensa, na hicho ndicho kinachoiona picha. Vumbi likitua pale, kila picha inatoka na doa. Na sisi hapa vumbi ndilo jirani yetu mkubwa: malori yanalileta, unga unaliongeza, makaa yanamalizia. Huwezi kukifuta kioo kile kwa kitambaa, utakikwaruza. Huwezi kukipuliza kwa mdomo, utakitemea mate. Unachukua kijiti cha Fundi wa Meno, unagusa vumbi kwa ncha yake, vumbi linang'ang'ania mpira, unainua. Ncha unaibandika kwenye karatasi ya gundi, inaacha uchafu wake pale, unarudi tena. Ni kazi ya kudonoadonoa, kama kuku.

Mambo yote yako kwenye ulaini. Ncha ikiwa laini mno, inanata na kuacha ukungu kwenye kioo. Ikiwa ngumu, inapapasa vumbi na kuliacha palepale. Katikati ya hizo mbili kuna mahali pembamba sana, na chombo cha kupapimia kilikuwa mdomo wa chini wa Fundi wa Meno.

Nasema kilikuwa. Mwaka huu, kabla ya Pasaka, aliamka nusu ya uso wake imelegea na mdomo umekufa ganzi. Uso umerudi kiasi. Mdomo haujarudi. Akaendelea kutengeneza vijiti, na vijiti hivyo vilikuwa vigumu, na yeye hakujua, na kila aliyejua alinyamaza kwa kumpenda. Kisha studio moja ya Tororo, watu wasiomjua wala kumpenda, ikaagiza boksi zima. Nilikaa na jambo hilo tumboni likizo nzima, na tumbo langu halikuumbwa kwa siri.

Ananiita Redio. Mwanzoni haikuwa kwa mapenzi. Tunakaa ploti moja, mlango wetu unatazamana na wake, na mama akienda Majanji kuchukua dagaa mimi ndiye ninayebaki nikitangaza: nani kanuniana na nani, nani kapika nyama akafunga dirisha. Lugha yake ni Kidhopadhola, sisi ni Wasamia, kwa hiyo mimi namwita Kukhu, yaani bibi, na yeye akifurahi ananiita nyathi, mtoto. Akikasirika tunarudi kwenye Kiswahili cha mpakani, ambacho kina nafasi ya kutosha kwa matusi ya adabu.

"Wewe Redio," aliwahi kuniambia, "betri yako nani anachaji?"

"Natumia sola, Kukhu."

"Basi nangoja mvua."

Alizaliwa wapi, watoto wake wako wapi, hayo sijui na sijauliza. Ninachojua ni kwamba hakumbuki majina ya watu, anakumbuka vinywa vyao. Ukikaa naye barazani watu wakipita kutoka sokoni, atakusomea barabara nzima. "Yule, taya la chini, pande mbili. Yule nilimfanyia moja ya mbele, akaenda kuoa nayo. Yule anayejifanya haoni mimi, meno yangu iko kwa mdomo yake sasa hivi, na anakula nayo muwa. Si nilimkataza?" Halafu anapaza sauti, "Wee! Muwa!" na mzee mzima mwenye koti na mkoba anauficha muwa nyuma ya mgongo kama mtoto wa darasa la pili.

Lakini huyohuyo anayeweza kumwaibisha mzee katikati ya barabara kuna mambo hayamtoki hata umpe soda. Aliwahi kuja mwanajeshi kutoka kambi ya Rubongi, mpana kama mlango, kuchukuliwa alama ya ufizi. Nilichungulia. Mwanajeshi alikuwa amemshika Fundi wa Meno mkono, si kwa nguvu, anaushika tu, kama mtoto anayevushwa barabara, na machozi yanamtoka. Alipoondoka nilikuwa tayari hewani.

"Kukhu, yule askari alikuwa analia!"

"Askari gani?"

"Yule! Aliyetoka sasa hivi!"

"Mimi sikuona askari. Niliona mdomo." Akanifungia mlango, na hadi leo ukimuuliza habari za Rubongi atakuambia kule kuna mihogo mizuri.

Yeye mwenyewe ana pengo, mbele, upande wa kulia, linalotosha kupitisha kidole. Nimemuuliza mara nyingi mbona fundi wa meno hana meno. Mara ya kwanza alisema mpishi hula wa mwisho. Mara nyingine alisema pengo ni la kupigia mluzi wa kuita kuku, akapiga, na kuku kweli wakaja. Siku moja tu, akiwa amechoka, alinipa jibu lililofanana na ukweli: "Nikiziba hapa, ulimi yangu itakaa wapi? Imezoea."

Watoto wa ploti amewakataza peremende. Akimkamata mtu na pipi anaichukua, anaitazama kama mtu anayetazama nyoka, anaitupa chooni. Chai yake sasa, ungeijua! Shira tupu. Kijiko kinasimama. Nilipomuuliza alisema, "Meno ya mtoto ni ya Mungu. Hii yangu ni yangu."

Kwenye kamera aliingia kwa njia ya harusi ya Lumino. Kuna mpiga picha tunayemwita Fleshi, kijana wa upande wa Kenya anayevuka kila siku na begi lake kifuani kama mama aliyebeba mtoto. Fleshi alipiga picha za harusi ile, zote zikatoka na doa jeusi. Doa lilikaa mahali palepale pa picha, watu ndio waliokuwa wakihamahama chini yake, kwa hiyo kwenye picha moja liko shavuni kwa bibi harusi, nyingine liko kwenye keki, nyingine kwenye kipara cha padri. Shangazi wa bwana harusi akasema ni ishara, na ishara ikianza kwenye familia haina dawa. Fleshi alikuja kwa Fundi wa Meno kuulizia meno ya baba yake, akamaliza kwa kulia shida zake, akatoa kijiti cha kusafishia alichoazima kwa mtu, cha kutoka ng'ambo, ncha imeisha kama sabuni.

Kabla Fleshi hajamzuia, Fundi wa Meno alikuwa ameshakiweka mdomoni.

"Hii ni ndugu ya ile mpira tunachukulia alama ya ufizi," akasema. "Mtu alifanya. Mtu anaweza kufanya."

"Mama, hiyo kitu inatoka mbali sana."

"Hata wewe unatoka Kenya."

Picha pekee iliyo ukutani kwake mpaka leo ni ile ya padri wa Lumino na doa lake kiparani. Fleshi aliwahi kumletea nyingine, iliyosafishwa vizuri kwenye kompyuta. Aliirudisha. Alisema hiyo haikumfundisha kitu.

Sasa nikupeleke kwenye benchi lake, kwa masharti yake: vua viatu, nawa mikono, usipige chafya.

Mwanzo alichonga ncha kwa nta na kuizungushia plasta, vilevile alivyokuwa akifanya meno. Plasta ikawa inaacha chengachenga kwenye mpira, na chenga moja inatosha kuharibu sensa ya mtu. Akaiacha. Akatengeneza kalibu kwa ile plastiki ya waridi inayotengenezewa ufizi wa bandia, akaisugua hadi ikang'aa. Ndiyo maana ukifungua kabati lake unakuta safu kwa safu za fizi zisizo na meno, kila moja na vishimo vyake vya kumiminia. Siku ya kwanza kuziona nilisema, "Kukhu, hawa watu wako wamezeeka kweli." Nilitolewa kwa ufagio.

Mpira unakuja katika chupa mbili. Kila moja peke yake ni uji wa milele, ukizichanganya zinaanza kuganda. Anazipima kwa mizani ndogo aliyoinunua kwa mchimba dhahabu, kisha anaongeza mafuta ya kulainisha, tone kwa tone, kwa bomba la sindano. Hapo ndipo penye kazi. Glavu hataki kabisa. Zile nyembamba za hospitali zina kitu kinachouzuia mpira usigande, jambo alilolijua kwa kumwaga kazi ya wiki nzima huku akiimba wimbo wa Kwaresima. Kwa hiyo anaosha mikono mpaka kwenye viwiko na kufanya kazi hivyohivyo mikono mitupu.

Halafu kuna mapovu. Povu likibaki kwenye ncha litapasuka na kuacha tundu lenye kingo, na kingo zinakwaruza. Hospitalini alikofanya kazi zamani kulikuwa na meza ya umeme inayotetemesha vikombe mpaka mapovu yapande juu na kufa. Hapa hana meza. Ana jirani. Ukuta wa chumba chake unagusana na mashine ya posho, na mashine ikiwaka ukuta wote unatetemeka, sahani zinaimba, Yesu wa kwenye kalenda anatikisa kichwa. Mtu mwingine angehama. Yeye alipigilia rafu kwenye ukuta huo, akapanga vikombe vya mpira chini ya mfuniko wa kioo, na mapovu yakawa yanapanda yenyewe moja moja. Lakini mashine hiyohiyo ndiyo inayomwagia unga ploti nzima mchana kutwa, kwa hiyo madirisha yake yamebanwa vitambaa vibichi mwaka mzima, na yeye anailaani mashine na kuiombea afya kwa pumzi moja. Umeme ukikatika, anagonga ukuta.

"Mwenye mashine! Leo hakuna mahindi?"

"Mama, hakuna umeme!"

"Na wewe huna mikono?"

Baada ya kutetemeshwa, mpira unamiminwa kwenye kalibu, vijiti vinachomekwa, kalibu zinalazwa kwenye sanduku la mbao lenye balbu, kama lile la kulelea vifaranga. Zikiiva anazichomoa, anaziosha kwa spiriti, anazikausha chini ya bilauri. Halafu busu. Zilizofaulu zinaingia kwenye karatasi. Zilizofeli zinaingia kwenye ndoo bila kesi. Mimi niliitangazia ploti nzima kwamba Kukhu ana wapenzi wengi kuliko mtu yeyote Busia, na wote ni wembamba. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akanituma maji, kwa adhabu.

Siku alipoamka na uso umelegea, mama ndiye aliyempeleka hospitali Tororo. Waliporudi, ploti yote ilikuwa imejipanga uani na nyuso za matanga. Fundi wa Meno alishuka kwenye bodaboda akatukagua, jicho moja likipepesa, jingine likigoma. Maneno yalimtoka kwa upande mmoja.

"Mnalia nini? Upande hii inacheka. Upande hii iko misa."

Tulicheka, kile kicheko cha kuogopa. Mimi sikupata la kuongeza, na aliona. "Redio imezima?" akaniuliza. Nikasema naitafutia stesheni.

Kilichonimaliza kilikuwa chai. Tulipokuwa tumekaa, chai ilimtiririka pembeni ya mdomo ikafika kidevuni, na yeye akaendelea kuongea, hana habari. Mama akainuka akampangusa haraka, kama mtu anayepangusa meza. Tangu hapo anatembea na kitambaa, anakipitisha mdomoni kila mara kwa kukisia tu.

Alirudi kazini kabla hajaruhusiwa. Busu likaendelea, refu kuliko zamani, macho kayafumba kwa nguvu. Aliogopa jambo moja: ncha inate, asiisikie, iende ikaharibu kamera ya mtoto wa watu. Kwa hiyo alipunguza mafuta. Halafu akapunguza tena. Alijua ncha ngumu haimdhuru mtu. Akasogea upande huo, na mdomo wake haukumwambia aache.

Nilijua kwa Fleshi. Kibanda chake kiko upande wa Kenya, njiani nikitoka shuleni, na muhula ulipokuwa unaisha nilipita kumwomba kalamu. Akasema angalia kwenye droo. Kwenye droo kulikuwa na kopo la biskuti limejaa vijiti vya Fundi wa Meno, vipya, kila kimoja kwenye karatasi yake.

"Unafungua duka?"

Alinipokonya kopo. "Nimesema kalamu."

"Mbona hujavitumia?"

"Haviokoti kitu, manze. Vinapapasa tu." Akanionyesha kingine, cha zamani, ncha imeanza kuwa ya njano. "Bado natumia hiki cha mwaka jana. Na si mimi peke yangu. Majamaa wa Malaba pia wameweka vyao."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Yule mama anavuka na miguu yake ananiletea hapa. Ananiuliza, 'Mwanangu, ziko sawa?' Na ule mdomo, unaona vile unamsumbua. Wewe ungesema nini?"

"Ningesema ukweli."

"Haya, sema. Si wewe ndio Redio?"

Nyumbani nilimwambia mama. Mama hakuacha kuchambua dagaa. "Huyo mtu amebakiwa na nini?" akasema. "Amebakiwa na hiyo kazi. Unataka kumnyang'anya hata hiyo?"

"Na wale wa Tororo, mama? Wao watanyamaza?"

Mama alitupa mawe mawili madogo nje ya ungo. "Kaa mbali na mambo ya watu wazima," akasema, lakini alilisema bila nguvu, na usiku ule hakuniuliza kwa nini sijala.

Jumamosi ya mwisho ya likizo nilivuka kwa Fleshi, nikamwomba kile kijiti cha zamani, nikarudi. Fundi wa Meno alikuwa anapanga boksi la Tororo. Jumatatu angepanda gari kulipeleka mwenyewe, na gauni la safari lilikuwa limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni.

"Redio. Nipe habari."

Nilikuwa na mzaha wa kufungulia, niliutunga njiani. Haukutoka.

"Kukhu, hizi ni ngumu."

Aliendelea kukunja karatasi. Nikadhani hajasikia kwa kelele za mashine, nikarudia kwa sauti.

"Nimesikia," akasema. "Nani anasema?"

"Mimi."

"Wewe unajua nini?"

"Hakuna."

"Fleshi?"

Nikanyamaza, na mimi nikinyamaza hiyo ni habari kamili.

"Fleshi nilimuuliza na mdomo yangu. Alisema, 'Ziko poa, mama.'"

"Anaziweka kwenye kopo."

"Gani?"

"Zote. Tangu Pasaka. Hata wa Malaba wameweka zao. Hakuna anayezitumia, Kukhu. Ni kwa sababu wanakupenda."

Hilo la mwisho nililisema kama dawa, lakini ndilo lililomuuma zaidi. Alikaa chini. Karatasi ilikuwa bado mkononi mwake.

"Wananipenda," akasema. "Kwa hiyo mimi ni mgonjwa yao. Na mimi nilidhani ni fundi yao."

Akaiweka karatasi juu ya benchi.

"Toka, nyathi."

Sikutoka. Nilikiweka kijiti cha Fleshi juu ya benchi, mbele yake. "Hiki pia ni chako. Cha mwaka jana."

Alikichukua bila kufikiri, mkono ukakipeleka mdomoni wenyewe, kama ulivyozoea. Ukasimama njiani. Mashine ya posho ilizimwa upande wa pili, sahani zikaacha kuimba, na yeye akanitazama mdomo.

"Ulikula nini?" akaniuliza.

"Mihogo."

"Na pilipili?"

"Kidogo."

"Nenda uoshe hiyo mdomo. Vizuri. Na sabuni hapana."

Nilisukutua, nikanawa, nikarudi nikidondosha maji. Akanikausha kwa kitambaa safi, akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa mlango. Hakuwahi kunishika hivyo. Ndivyo alivyokuwa akiwashika watu wa meno.

"Funga macho. Funga na ulimi. Ukisema utani nakufukuza hii ploti."

Kitu baridi kiligusa mdomo wangu wa chini, kikatambaa kutoka pembe hadi pembe.

"Sema."

Mizaha ilikuja yote kwa pamoja. Niliiacha ipite. "Ni kama sikio la mtoto mchanga," nikasema. "Hapa chini, panaponing'inia."

Kikaondoka. Kikaja kingine.

"Na hii?"

"Kifutio cha penseli."

"Mpya?"

"Cha zamani. Kilichosahaulika juani."

Nilisikia anavuta pumzi. Nilipofumbua macho alikuwa amegeuka, kitambaa usoni. Sikuangalia kama alikuwa anapangusa mdomo tu. Kisha aliinua boksi la Tororo, akalimimina lote kwenye ndoo. Vijiti vilianguka vikigongana, vingi, na yeye akasimama akisikiliza hadi cha mwisho.

"Tororo itangoja," akasema. "Tororo haina miguu." Akalitoa gauni la safari mlangoni, akalirudisha kabatini, akafunga aproni.

Alikoroga mchana uleule. Mimi nilifukuzwa. Mama aliponiona narudi alinitazama usoni, akasoma yote, akanisogezea kigoda nikae karibu naye.

Kesho yake, baada ya misa, watu wakiwa wamejaa uani na nguo zao za Jumapili, mlango wake ukafunguka.

"Redio! Leta mdomo!"

Watu walicheka, mama akaficha uso kwenye kanga. Nilivuka ua mbele yao wote nikiwa nimeubana mdomo wangu, nisiuharibu. Kwenye sahani kulikuwa na ncha mpya, zimelala kwa mpangilio, kila moja na kipimo chake cha mafuta. Fundi wa Meno alikuwa hajaenda kanisani, jambo ambalo sijawahi kuliona, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu aliyekesha na sanduku la balbu. Akanishika kidevu. Nikafumba macho.

Ya kwanza nilikataa. Ya pili nilikataa. Alizitupa kwenye ndoo. Ya tatu ilipita mdomoni, ikarudi, na nikaona inakaribia, inakaribia kweli, na nilitamani sana kusema ndiyo.

"Sema."

"Bado, Kukhu."

"Bado namna gani?"

"Ni sikio, lakini si la mtoto. Hili ni la mtu mzima."

Nilifumbua macho. Alikuwa ameinama karibu sana, bomba la mafuta mkononi, nusu ya uso ikinitazama kwa makini na nusu nyingine ikijitahidi.

"Mwanaume ama mwanamke?" akauliza, na hakuwa anatania.